Maua ya Kilimanjaro na Meru: namna ya kuyapiga picha hadi yapate majina (uzi)

MwanaMarangu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila watu wakishuka mlimani, magrupu ya WhatsApp ya Moshi na Arusha hujaa picha za maua. Zinavutia kweli, na chini yake swali ni lilelile: "Hili ua linaitwaje?" Mara nyingi hapatokei wa kujibu, hata kama kwenye grupu wamo waongoza watalii waliozoea njia ya Marangu tangu ujana wao. Ua si geni kwao. Tatizo ni picha. Imepigwa usoni pekee, kwa karibu sana, nyuma kumefifishwa ili ipendeze, jani halimo, shina halimo, na aliyepiga hakumbuki kama ilikuwa kabla ya kambi ya Mandara au baada ya kambi ya Horombo.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu nina msimamo mmoja na ningependa tuujadili: ua la mlimani hujulikana kwa ubavu wake, mgongo wake, majani yake na mahali lilipoota, kuliko kwa uso. Uso ndio unaotuita, lakini maua mengi ya jamii moja yana uso mmoja. Ukilishika hilo, simu ya kawaida inatosha kuleta picha ambayo mtu anayeijua mimea anaweza kuitazama akakupa jina.

Tuanze na ua ambalo karibu kila aliyepita msitu wa Marangu au Machame amelipiga: Impatiens kilimanjari. Linaota msituni penye unyevu, kando ya njia na vijito, na porini halipatikani kwingine kokote duniani isipokuwa Kilimanjaro. Watu hulifananisha na mkonga wa tembo, na ufanano huo uko ubavuni. Nyuma ya ua kuna kifuko chenye wekundu na manjano kinachopungua taratibu hadi kuwa mkia uliojikunja. Ukilipiga kwa mbele, mkia huo unajificha, na hicho ndicho kitambulisho chake umekiacha msituni.

Msitu huohuo una ndugu yake, Impatiens pseudoviola, mwenye uso bapa, mweupe unaoelekea uwaridi au uzambarau, anayeota karibu na ardhi. Hawa wawili huzaana. Mahali wanapokutana huonekana mahuluti yenye rangi ya katikati na mkia wa katikati. Mtu akiniletea uso wa ua la waridi tu, sina la kumwambia. Akileta ubavu pamoja na jani, hapo mazungumzo yanaanza.

Ukipanda juu ya msitu mambo yanakuwa magumu zaidi, kwa sababu unaingia kwenye Helichrysum, yale maua makavu kama karatasi yanayodumu muda mrefu. Wengi hudhani karatasi zile nyeupe ni petali. Sivyo. Ni vijani vidogo vinavyokizunguka kichwa. Maua yenyewe ni yale madogo sana ya manjano yaliyosongamana katikati. Aina ni nyingi na zote kwa juu zinaonekana nyeupe na manjano. Geuza jicho uangalie nyuma ya kichwa: Helichrysum meyeri-johannis ina wekundu au uwaridi upande wa nje wa vile vijani. Helichrysum citrispinum ina majani membamba yanayochoma. Helichrysum newii ina majani ya kijivu yenye manyoya kama sufu, na ndiyo iliyowahi kuonekana juu kuliko mimea mingine yote ya maua mlimani, karibu mita 5,670, ndani ya Kibo karibu na tundu linalotoa mvuke wa volkano. Hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kuitenga kwa kutazama uso.

Kuna jambo la saa pia. Helichrysum hujifunga penye unyevu na hufunguka jua likiwaka. Asubuhi yenye ukungu utapata vichwa vimefumba, na huo ni wakati mzuri wa kupiga upande wa nje. Saa tano au saa sita mchana vimekunjuka, hapo unapiga ndani.

Mimi hupiga hivi. Kwanza nikiwa mbali, mmea wote na mahali ulipo: mwamba, majani marefu, tope, kivuli cha miti. Kisha mmea mzima peke yake, toka ardhini hadi kileleni. Halafu jani upande wa juu, jani upande wa chini, na pale jani linaposhikana na shina. Mwisho ndiyo ua: mbele, ubavu, nyuma. Kama kuna tunda au mbegu, nazo. Ndani ya picha moja naweka kitu chenye ukubwa unaojulikana, sarafu au rula fupi, bila kukiegemeza kwenye mmea. Mengine yote, uzuri na sanaa, huja baada ya hapo.

Karibuni tujadili. Mwenye picha isiyo na jina aiweke.

---

Kiborloni_Mjini

Mkuu asante sana kwa uzi. Mimi swali langu ni la kiufundi. Natumia simu ya bei ya chini. Ua jekundu linatoka doa moja jekundu, halionyeshi mistari wala chochote ndani. Na jeupe linatoka linang'aa tu. Tatizo ni simu au ni mimi?

---

FundiLenzi

@Kiborloni_Mjini ngoja nisaidie hapa, maana kazi yangu ni kamera.

Simu hupima mwanga wa picha nzima. Msitu wa Kilimanjaro una giza, kwa hiyo simu inaona giza na kuongeza mwanga, na ua lako jeupe au jekundu linazidiwa. Gusa skrini pale kwenye ua ili fokasi ishike hapo, shikilia hadi ijifunge, kisha telezesha kidole kushusha mwanga. Shusha mpaka uone mistari ndani ya petali. Nyuma kutakuwa kweusi kidogo, usijali. Giza unaweza kuliongezea mwanga nyumbani, lakini weupe uliokwisha kuungua haurudi.

La pili, usisogee karibu kupita kiasi. Kila lenzi ina umbali ambao chini ya hapo haiwezi kushika. Rudi nyuma kidogo, piga, halafu ukate picha baadaye. Wenye simu zenye hali ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) waangalie: simu nyingi hutumia lenzi ile pana kwa makro, na mara nyingi ubora wake uko chini ya lenzi kuu. Jaribu zote mbili nyumbani kabla ya safari.

La tatu, upepo. Juu ya msitu upepo hautulii, na ua lenye kikonyo chembamba halikai. Mwambie mwenzako asimame upande upepo unakotokea, akinge kwa mwili wake au kwa koti la mvua. Piga picha mfululizo, chagua moja iliyotulia.

Kwa wenye kamera kubwa: lenzi ya makro ya milimita 90 au 100 inakupa nafasi ya kutoinama juu ya mmea. Kwa picha ya utambuzi msifungue lenzi hadi mwisho. Picha ya f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, inapendeza, lakini ncha ya petali inaonekana na jani limekuwa ukungu. Nendeni f/8 hadi f/11, tundu likiwa dogo zaidi, mpandishe ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) bila woga. Chembechembe kwenye picha hazizuii kuhesabu stameni.

Na ukungu usiuchukie. Ukungu wa mlimani unalainisha mwanga, unaondoa vivuli vikali, rangi zinatulia. Jua la saa saba juu ya uwanda wa Shira ndilo adui. Hapo tumia mwavuli au mwili wako kuweka kivuli juu ya ua lote, siyo nusu.

---

Mzee_wa_Mkoba

Wanangu, mimi nimebeba mizigo mlimani miaka mingi na baadaye nikaongoza wageni. Ninayoyasoma hapa ni mazuri, lakini niseme ukweli. Safari ya kwenda kileleni si safari ya maua. Mtu amelipia siku zake, kundi linatembea pamoja, mwongozaji anaangalia saa na hali ya hewa. Ukisimama kila penye ua kupiga picha nane, utachelewa kambini na utawachelewesha wapagazi wanaokusubiri.

Anayetaka maua aende kwa ajili ya maua. Njia ya Marangu ina safari ya siku moja mpaka Mandara, karibu mita 2,720, na kutoka pale ni mwendo mfupi hadi kreta ya Maundi. Hapo unapata vitu viwili kwa siku moja: msitu wote unaupita kwa miguu, na ukifika Maundi umeshaanza kuona nyasi na vichaka vya Erica, vile vyenye vijani vidogo vyembamba. Mimi nimeona watu wakitumia siku nzima hapo na kurudi wameridhika kuliko waliofika Uhuru.

Wakati mzuri ni mvua zikikatika. Msitu baada ya masika unakuwa umejaa. Juu, kwenye Helichrysum, utakuta maua hata kiangazi.

Na nimwambie huyu kijana wa kwanza: amesahau Lobelia. Lobelia deckenii ndiyo inayowaduwaza watu, na ndiyo wanayoipiga vibaya kuliko zote.

---

MwanaMarangu

Shikamoo mzee wangu. Umenena jambo la msingi kuhusu safari ya siku moja, na ninaliunga mkono. Aliye kwenye safari ya kilele achague mimea michache aipige kikamilifu, kuliko mingi nusunusu.

Tafadhali tueleze hiyo Lobelia, wewe umeiona mara nyingi kuliko sisi.

---

Mzee_wa_Mkoba

Marahaba mwanangu.

Watu wanaona mnara ule umesimama, wanapiga mnara, wanaondoka. Wanakuja kuniuliza, "Mbona halina maua?" Maua yapo. Ni ya buluu, yamejificha nyuma ya vijani vinavyoupanga mnara toka chini hadi juu. Inama, tazama toka chini kidogo na ubavuni, utayaona yanachungulia. Usiyafungue kwa vidole. Ndege chozi mwenye mkia mrefu ndiye mwenye kazi hiyo, anachomeka mdomo anakunywa mbochi, ule utamu wa ndani ya ua. Ukikaa kimya mbali kidogo atakuja, nawe utapata picha ambayo hata mgeni mwenye lenzi ndefu ataionea wivu.

Zile ambazo hazijatoa mnara zipige pia. Majani yamejipanga duara na katikati yametunza maji. Alfajiri, kwenye bonde la Barranco au karibu na Horombo, utakuta maji yale yameganda juu, chini bado ni maji. Ndiyo yanayolilinda chipukizi lisiharibiwe na baridi. Hiyo picha lazima uiwahi kabla jua halijafika.

---

DadaWaNgaramtoni

Habari zenu. Mimi niko upande wa Arusha, na nimefurahi mmeutaja Meru kwenye kichwa cha uzi ingawa mpaka sasa mnazungumzia Kilimanjaro tu.

Jina la mlima ni sehemu ya utambuzi. Nitoe mfano wa ile miti ya ajabu yenye kichwa cha majani makubwa, Dendrosenecio. Iliyoko juu Kilimanjaro ni Dendrosenecio kilimanjari, na ile ya juu kabisa huwekwa kwenye tawi lake (nususpishi) liitwalo cottonii. Chini zaidi, karibu na ukingo wa msitu, kuna Dendrosenecio johnstonii. Iliyoko Meru ni Dendrosenecio meruensis. Mtu akiweka picha akaandika "Tanzania, mlimani", amewanyima watu taarifa ambayo ingetatua nusu ya swali. Wataalamu wenyewe wamebadilisha mipaka ya majina haya mara kadhaa, kwa hiyo tuwape mahali na urefu toka usawa wa bahari, kisha jina litajipanga.

Kwa miti hii pigeni shina lote, pamoja na yale majani makavu yanayobaki yamelivaa. Hayo yanalikinga shina na baridi, usiyaone kama uchafu. Pigeni jani chini, na idadi ya matawi: mti huu hugawanyika matawi baada ya kutoa maua, kwa hiyo matawi yanasimulia umri wake na ni mara ngapi umechanua.

Meru unapitia geti la Momella, unalala Miriakamba karibu mita 2,514, kisha Saddle karibu mita 3,570, na lazima uwe na askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu ya nyati na tembo msituni. Msiinamie ua bila kumwambia. Mwambieni mapema kwamba mtasimama sana. Wengi wao wanapenda mimea na watawaonyesha msivyoviona. Kule juu tafuteni Kniphofia thomsonii, ile yenye mkuki wa machungwa na manjano.

Na jambo ambalo watu wa Arusha wengi hawalijui: Hebaria ya Taifa ya Tanzania, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi kwa ajili ya rejea, iko huku kwetu Ngaramtoni, kwenye kituo cha utafiti wa viuatilifu kilichojulikana miaka mingi kama TPRI na sasa kiko chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Picha yako ikiwa na vielelezo vya kutosha, inaweza kulinganishwa na mimea halisi iliyokusanywa zamani.

Lakini msichume. Ndani ya hifadhi kuchuma ni kosa, na mkusanyaji wa sampuli ni mtu mwenye kibali. Sisi wengine tuna kamera.

---

Kijana_wa_Njiro

Da' asante. Mimi nilipiga hiyo hiyo Kniphofia nikaiweka kwenye programu ya simu, ikaniambia Kniphofia uvaria kwa asilimia kubwa. Sasa niamini programu au nikuamini wewe?

---

MwanaMarangu

@Kijana_wa_Njiro hapa tusimame kidogo, kwa sababu programu zimeingia mikononi mwa kila mtu na nataka tuzitumie vizuri.

Programu hujifunza kwa picha ambazo watu wameziweka. Kniphofia uvaria asili yake ni Afrika Kusini, lakini inapandwa bustanini Ulaya na Marekani, kwa hiyo picha zake ni nyingi mno. Kniphofia thomsonii ya kwetu ina picha chache. Programu ikiona mkuki wa machungwa inakimbilia ile inayoijua zaidi. Haijakudanganya kwa makusudi. Inakuambia kinachofanana zaidi na ilichokwisha kuona. Asilimia ile haipimi kama mmea huo unaota Meru.

Mimi programu naitumia kupata jamii: hii ni Kniphofia, hii ni ya ukoo wa alizeti, hii ni okidi. Baada ya hapo nauliza, ni aina gani za jamii hiyo zinazoota mlima huu, kwa urefu huu? Hapo ndipo kitabu kinaingia. Afrika Mashariki tuna kazi kubwa sana iliyochapishwa kwa sehemu toka 1952 hadi 2012, inayoitwa Flora of Tropical East Africa, yenye aina zaidi ya 12,000 za mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Lugha yake ni ngumu, inadai upime nywele za jani na urefu wa kikonyo. Ndiyo sababu nimesisitiza kupiga jani chini na kuweka rula. Kitabu hakiulizi kama ua linapendeza.

Na ukiweka picha iNaturalist, mtandao ambako watu huweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, usikubali jina la kwanza kwa sababu tu mashine imelipendekeza. Kule jina hupata daraja la juu pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wanapokubaliana. Ukibofya kukubali bila kujua, umelisukuma kosa mbele, na mashine itajifunza kosa hilo kesho. Kama unajua jamii tu, andika jamii tu. Ni jibu halali kabisa.

---

Binti_Kibosho

Naomba niulize jambo linaloniuma. Meyeri-johannis, newii, deckenii, johnstonii, thomsonii. Haya yote ni majina ya Wazungu waliopita hapa. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima tuko wapi kwenye majina haya? Babu zangu waliijua mimea hii kabla ya Hans Meyer.

---

MwanaMarangu

Dada, swali lako ni la haki na linastahili jibu kamili.

Ndivyo ilivyokuwa. Karl Klaus von der Decken alijaribu kupanda 1861 na 1862. Charles New alifika penye theluji 1871. Joseph Thomson alipita 1883, Harry Johnston akakusanya mimea 1884, na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni 1889. Mimea iliyobebwa ilipelekwa Ulaya, ikaelezwa kwa Kilatini, ikapewa majina ya waliobeba au ya marafiki zao. Waliowaonyesha njia na kuwabebea mizigo hawakuandikwa. Kanuni ya majina ya mimea hulipa nguvu jina lililochapishwa kwanza, kwa hiyo hayafutwi kirahisi.

Lakini yanaweza kuguswa. Kwenye Kongamano la Kimataifa la Botania, Madrid, Julai 2024, wajumbe walipiga kura majina yenye neno caffra, ambalo asili yake ni tusi kwa Mwafrika, yageuzwe kuwa affra. Hilo linatuhusu moja kwa moja. Protea ya Kilimanjaro, ile yenye kichwa kikubwa cheupe krimu utakayoikuta juu ya msitu, vitabuni ni Protea caffra tawi la kilimandscharica. Na msesewe wetu, ule unaotumika kwenye mbege, ni Rauvolfia caffra. Kwa miaka ijayo mtakutana na maandishi yote mawili, caffra na affra, na mmea ni uleule. Tafuteni kwa majina yote.

Na majina ya Kichagga na Kimeru yakusanyeni. Ukipiga mmea nyumbani Kibosho, muulize bibi anauitaje na anautumia kwa nini, kisha uandike jina hilo pamoja na kijiji, kwa sababu jina la Kibosho linaweza lisiwe la Rombo. Kila mtu wa kwetu anajua sale, ule mmea unaopandwa mpakani, na heshima yake, na kwamba mtu akikuletea jani la sale kuomba msamaha, huwezi kulipuuza. Ujuzi wa namna hiyo haumo kwenye picha. Lazima uandikwe.

---

Binti_Kibosho

Nimekuelewa kaka. Nitaanza na kihamba cha bibi, shamba lake la nyumbani.

---

FundiLenzi

Naongeza mawili ya vifaa, nimeona watu wananiuliza pembeni.

Betri. Baridi huifanya betri ionekane imekwisha wakati bado ina chaji. Usiku lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, mchana iweke mfuko wa ndani wa koti. Pawabenki vilevile. Ukitoka baridini na kuingia mahali pa joto, acha kamera ndani ya begi ipate joto polepole, vinginevyo lenzi itajaa umande.

GPS ya simu inafanya kazi bila mtandao. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isimalize betri kutafuta minara, hakikisha kipengele cha mahali (location) kimewashwa kwenye kamera. Urefu unaotolewa na simu unaweza kukosea, kwa hiyo mkifika kambini pigeni picha ya kibao chenye jina la kambi na mita zake. Ukirudi nyumbani kibao hicho kinakupangia picha zote za siku ile. Wenye kamera kubwa zisizo na GPS, saa ya kamera ifanane na saa ya simu kabla ya kuanza.

Droni msibebe. Bila kibali ni marufuku hifadhini.

---

DadaWaNgaramtoni

Niongeze kuhusu mahali, maana tumewaambia watu waandike kila kitu. Kwa okidi msiwe wakarimu hivyo. Kilimanjaro kuna Disa stairsii, ya waridi, inayosimama ardhini kwenye ukanda wa Erica, na kuna okidi nyingine zinazoota juu ya miti. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini, kwa sababu watu huzing'oa na kuziuza. Ukiweka picha hadharani, ficha alama halisi ya mahali. iNaturalist ina sehemu ya kuficha. Kwa mtaalamu mpe faraghani. Kwenye uzi kama huu andika "Kilimanjaro, upande wa kusini, juu ya msitu", inatosha.

Pia msikanyage pembeni ya njia kufuata ua. Juu kule mmea mdogo unachukua miaka kukua, na kiatu kimoja kinatosha kuumaliza. Viatu vyetu pia hubeba mbegu: nyasi ya kigeni iitwayo Poa annua imeshapanda mlima kwa kufuata njia za wapandaji. Pigeni hata nyasi hizo. Anayefuatilia mimea vamizi anahitaji picha yenye tarehe na mahali kuliko picha ya elfu ya Lobelia.

---

Mzee_wa_Mkoba

Hapo umesema kweli binti yangu. Na sehemu zilizoungua nazo zipigwe. Moto wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022 uliondoa vichaka vingi vya Erica. Zamani hapo juu ulikuwa msitu wa Erica mirefu, na moto wa mara kwa mara umeuteremsha, Helichrysum ikachukua nafasi. Anayepita kila mwaka asimame mahali pamoja, apige upande uleule. Mimi sina picha za zamani hizo, nina macho tu, na macho hayawezi kuwekwa kwenye simu.

---

Shira_Hadi_Mweka

Wakuu nimesoma uzi wote. Naomba msaada wa ua langu. Nilikuwa Shira, karibu mita 3,800. Ua la manjano, limelala kabisa ardhini, halina shina, majani yamejipanga duara yamebana udongo. Nina picha tatu, zote toka juu. Programu imeniletea majina ya Ulaya.

---

MwanaMarangu

Kwa maelezo hayo fikra yangu ya kwanza ni Haplocarpha rueppellii. Inapenda ardhi yenye unyevu juu ya msitu, na kulala chini kwa namna hiyo kunaisaidia kukwepa upepo na kupata joto la udongo. Lakini sitaki kulifunga jina kwa picha toka juu. Kwenye picha zako tatu, je, kuna jani lolote lililogeuka, likaonyesha upande wa chini?

---

Shira_Hadi_Mweka

Nimekuza picha ya pili. Kona ya kushoto kuna jani limekunjwa na upepo. Juu ni kijani kinachong'aa, chini ni nyeupe kama limepakwa sufu.

---

DadaWaNgaramtoni

Kijani juu, nyeupe chini, bila shina, mita 3,800, Shira. Naungana na MwanaMarangu. Ipandishe kwa jina hilo, ukate kona hiyo ya jani uiweke kama picha ya pili ili wengine waione bila kutafuta. Kwenye maelezo andika kama udongo ulikuwa mbichi au mkavu.

---

Shira_Hadi_Mweka

Ulikuwa mbichi, kando ya kijito. Naipandisha sasa hivi. Ninayo nyingine ya zambarau toka msituni, hiyo nina ubavu na jani. Naiweka hapa chini.